Rimoti ya Gari Lako: Ni Nani Mwingine Aliye Nayo?



Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, tukiwa katikati ya sala ya tarawehe, king'ora cha gari kililia nje ya msikiti wetu. Kililia kwa sauti zake zote, kikanyamaza kidogo, kisha kikaanza upya. Imamu aliendelea kusoma, lakini safu za nyuma watoto walikwisha kuanza kucheka, na upande wa akina mama mtoto mchanga aliamka kwa kilio. Tulipotoa salamu, kila mtu aligeuza shingo kumtafuta mwenye gari. Mwenye gari nilikuwa mimi.

Nilitoka mbio nikaitoa rimoti katika mfuko wa kanzu na kubonyeza. Nilibonyeza tena na tena, nikaisogeza karibu na kioo, nikaipiga kwenye kiganja, lakini gari halikusikia. Betri ya rimoti ilikuwa imekufa. Kijana mmoja wa mtaani, fundi wa umeme wa magari, alinifuata akiwa na viatu mkononi, akaniuliza kwa adabu, "Shekhe, swichi yake ya siri iko wapi?"

Nikamjibu, "Swichi gani?"

Alinitazama kidogo, akauomba ufunguo, akafungua mlango kwa mkono, akainama chini ya dashibodi na kupapasa kwa vidole. Alizungusha ufunguo hadi alama ya ON, akabonyeza kitu nisichokiona, na king'ora kikanyamaza. Gari hilo nilikuwa nimelimiliki kwa miaka miwili. Nilikuwa nikijua siku ya kubadilisha oili na siku ya kulipa bima, lakini kifaa kilichokuwa kikiulinda mlango wake sikukijua hata kidogo.

Fundi aliniambia nipite gereji kwake kesho yake baada ya alasiri. Nilikwenda nikidhani nitanunua betri na kurudi. Kumbe nilikwenda kulijua kosa ambalo nilikuwa nimelitenda ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Swali la fundi

Alipokwisha kutia betri mpya, alinionyesha rimoti kwenye kiganja chake, akauliza, "Shekhe, ya pili iko wapi?"

Nikamwambia kwamba nililinunua gari likiwa na rimoti moja tu. Aliyeniuzia, jirani yetu wa uchochoro wa nyuma, mtu mwema ambaye sikumjua kwa ubaya, aliniambia kwamba ya pili ilipotea. Fundi akatikisa kichwa. Alamu za aina hii, akasema, huuzwa dukani na rimoti mbili ndani ya boksi. Kisha akaongeza maneno ambayo hayajanitoka akilini: "Rimoti ikipotea, Shekhe, haina maana kwamba imekufa. Maadamu gari bado linaijua, yeyote atakayeiokota ni mwenye gari."

Hapo nilikumbuka mambo ambayo yalikuwa yamenichoma moyo miezi kadhaa. Mara tatu tuliamka asubuhi tukakuta milango ya gari iko wazi haijafungwa. Kioo hakikuvunjwa wala kitasa hakikuguswa. Mwanangu mkubwa, kijana wa miaka 19, ndiye aliyekuwa akilitumia gari jioni kumpeleka mama yake kwenye shughuli zake. Mara ya kwanza nilimwonya. Mara ya pili nilimkaripia mbele ya ndugu zake. Mara ya tatu, mwezi wa Shaaban, mkoba wa mama yake uliokuwa kiti cha nyuma ulichukuliwa. Ndani yake mlikuwa na kofia tano za viua alizokuwa akizishona kwa mkono kwa oda za Idi, kazi ya miezi. Kijana aliapa kwamba alifunga. Mimi nikamwambia kwamba uzembe hauondoki kwa viapo, nikamnyang'anya ufunguo.

Kutoka gereji nilikwenda moja kwa moja kwa yule jirani. Nilimuuliza tena juu ya rimoti ya pili. Akawaita wake zake na watoto, akauliza, na mtoto wake wa miaka sita akaenda chumbani, akaileta. Ilikuwa katika kikapu cha vinyago vyake. Aliiokota nyuma ya kabati zamani, akawa anaibonyeza kila apendapo, usiku hata mchana, kwa sababu ilikuwa na kitaa chekundu kinachowaka. Baina ya chumba chake na mahali tunapoegesha gari pana ukuta mmoja na uchochoro wa hatua chache.

Mlio mfupi wa mara mbili, ule wa alamu kufunguka, tulikuwa tukiusikia wakati mwingine usiku. Kila mmoja wetu alidhani ni gari la jirani.

Kifaa hiki hufanyaje kazi?

Ndugu msomaji, rimoti ni redio ndogo ya kutuma ujumbe. Unapobonyeza, hutuma namba kwa mawimbi ya hewani, na ndani ya gari kuna kisanduku kinachosikiliza. Kisanduku kikiitambua namba, hufungua milango na kuilaza alamu. Alamu nyingi zinazofungwa na mafundi wetu hutumia mawimbi ya megahezi 433.92. Magari yanayoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani huja na rimoti zao za kiwandani zinazotumia mawimbi mengine, yapata megahezi 315. Ndiyo maana rimoti ya aina moja ya gari iliyotengenezewa soko la Ulaya haiwezi kulisemesha gari la Japani, hata zikifanana kwa umbo kama pacha.

Namba zenyewe ni za namna mbili. Rimoti za bei rahisi hutuma namba ile ile kila siku. Namba hiyo mtu mwenye kifaa cha kunakili anaweza kuichukua kwa sekunde chache, kama anavyonakili ufunguo wa kufuli. Rimoti zilizo bora hubadilisha namba kila zinapobonyezwa, na gari hujua kwa hesabu namba gani inafuata. Mfumo mmoja mashuhuri wa namna hii, uitwao KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Hata huo si ngome isiyovunjika: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuuvunja. Hata hivyo, baina ya mlango wenye kufuli jepesi na mlango wenye kufuli zito, mwenye akili huchagua zito. Unaponunua alamu, muulize fundi waziwazi: namba yake hubadilika au haibadiliki?

Mfumo huu wa kubadilika una tabia moja inayowasumbua wengi. Mtoto akiibonyeza rimoti mara nyingi akiwa mbali na gari, rimoti husonga mbele katika hesabu na gari hubaki nyuma. Katika KeeLoq, ikiwa rimoti imetangulia kwa namba zisizozidi 16, gari huikubali bila taabu. Ikizidi hapo, gari halitafunguka kwa mbonyezo wa kwanza. Simama karibu na gari, bonyeza, ngoja kidogo, kisha bonyeza tena. Mara nyingi mibonyezo miwili inayofuatana hurudisha maelewano. Wengi hukimbilia kununua rimoti mpya kwa tatizo ambalo dawa yake ni subira ya sekunde mbili.

Jambo jingine la kutenganisha ni hili: kufungua mlango ni kazi moja, na kuwasha injini ni kazi nyingine. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kidude kidogo ndani ya kichwa cha ufunguo, ambacho hakitumii betri, na bila hicho injini haiwaki. Rimoti ikifa, kidude hicho hakifi. Kwa magari ya kubonyeza kitufe, ndani ya rimoti mna ufunguo mwembamba wa chuma wa kufungulia mlango, na katika magari mengi ya Toyota, betri ikiisha, rimoti ikigusishwa kwenye kitufe cha kuwashia gari huitambua.

Kulijulisha gari rimoti mpya

Mafundi huita kazi hii kuprogramu. Maana yake ni kulifundisha gari likumbuke rimoti fulani. Kila alamu ina utaratibu wake, nao umeandikwa katika kitabu kidogo kilichokuja na boksi. Kitafuteni kitabu hicho leo, mkiweke pamoja na hati za gari. Mimi nitawaeleza utaratibu wa alamu ya gari letu, ili muone kwamba si uganga.

Kwanza, alamu iwe imezimwa na milango yote imefungwa. Pili, ufunguo unazungushwa hadi ON, bila ya kuwasha injini. Tatu, kabla ya sekunde 10 kupita, unabonyeza swichi ya siri mara tatu. Swichi hiyo ni kitufe kidogo kama punje ya mbaazi, na aghalabu hufichwa chini ya dashibodi upande wa dereva. King'ora hujibu kwa mlio mmoja, maana yake gari liko tayari kujifunza. Nne, unachukua rimoti ya kwanza na kubonyeza kitufe cha kufunga mpaka gari lilie tena. Tano, unafanya hivyo kwa rimoti ya pili. Mwisho unazima ufunguo, unatoka, na unazijaribu zote mbili, moja baada ya nyingine. Kazi yote haikuzidi dakika tatu.

Lakini lililo muhimu zaidi kuliko kuingiza rimoti mpya ni kuitoa ya zamani. Alamu yetu hukumbuka rimoti nne tu. Ikiingizwa ya tano, ya kwanza husukumwa nje. Kwa hiyo fundi alifanya jambo jepesi na la busara: alizijulisha rimoti zetu mbili, kisha akazirudia zile zile, mpaka nafasi zote nne zikajaa kwa rimoti zilizo mikononi mwetu. Hapakubaki nafasi ya mgeni. Alamu nyingine zina amri ya kufuta zote kwa pamoja, na magari yenye mfumo wa kiwandani huhitaji mashine ya fundi inayochomekwa chini ya usukani. Njia yoyote itakayotumika, mwambieni fundi maneno haya: "Nataka gari lisahau rimoti zote isipokuwa hizi zilizo mkononi mwangu." Kisha msimame hapo hapo na kushuhudia.

Ile ya kikapuni, jirani alipoileta, tuliijaribu baada ya kufuta. Iliwaka kitaa chake chekundu kama kawaida, na gari likakaa kimya. Kimya kile kilinifurahisha kuliko mlio wowote.

Fundi alizidisha jambo moja. Alamu nyingi, mtu akizifungua bila ya kufungua mlango, hujifunga zenyewe baada ya nusu dakika hivi. Yetu ilikuwa imezimwa uwezo huo. Lau ungekuwa umewashwa, kofia za mke wangu huenda zingekuwa vichwani mwa wenyewe siku ya Idi. Muulizeni fundi wenu kama wenu umewashwa.

Betri na hewa ya pwani

Betri ya rimoti haifi ghafla bila ya kutoa ishara. Kitaa chake hufifia. Mahali ulipokuwa ukifungulia kwa hatua 20, sasa huhitaji hatua tano. Hubonyezwa mara tatu ndipo gari lisikie. Ukiona hayo usingoje, kwani betri mpya ni nafuu kuliko aibu niliyoipata mimi.

Fungueni rimoti msome maandishi ya juu ya betri kabla ya kwenda dukani. Alamu nyingi za kufungwa na mafundi hutumia kibetri cha mviringo mrefu cha volti 12, kilichoandikwa 23A au 27A. Rimoti za kiwandani hutumia betri bapa mfano wa sarafu, ya volti 3. Namba zake zina maana: CR2032 ni yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ina upana huo huo lakini unene wake ni milimita 1.6. Msilazimishe moja mahali pa nyingine. Tazameni pia upande wenye alama ya kujumlisha ulikuwa umeelekea wapi, na muuelekeze huko huko. Kwa rimoti nyingi, kubadilisha betri hakufuti chochote, kumbukumbu hubaki.

Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, nao ni chumvi ya hewani na jasho. Vyuma vidogo vinavyoshika betri huota kutu ya kijani au nyeupe. Kila baada ya miezi michache, ifungueni rimoti kwa uangalifu, msugue vyuma hivyo kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, muache vikauke kabla ya kurudisha betri. Betri mpya ipanguseni kwa kitambaa kikavu, kwani mafuta ya vidole huzuia umeme kupita vizuri. Mpira wa vitufe ukichanika, badilisheni ganda mapema, kwa sababu hapo ndipo unyevu unapoingilia.

Rimoti ikidumbukia majini, au ikifuliwa pamoja na kanzu, jambo la kwanza ni kutoa betri. Msiibonyeze kujaribu. Ikiwa ni maji ya bahari, isuuzeni kwanza kwa maji matamu ili kuondoa chumvi, kisha ianikeni wazi kivulini siku nzima au mbili. Wala msiiache juu ya dashibodi wakati wa jua la kaskazi. Joto la ndani ya gari lililofungwa huila betri na kuupinda mpira.

Tahadhari kwa mama mwenye watoto wadogo

Akina mama, someni aya hii mara mbili. Betri bapa ya rimoti mtoto akiimeza, si jambo la kungojea itoke yenyewe. Ile yenye upana wa milimita 20 ina hatari kubwa ya kukwama kooni, na ikikwama, umeme wake huanza kuunguza nyama ya koo. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili, hata kwa betri iliyokwisha nguvu ya kuendesha rimoti. Mtoto anaweza asiseme lolote. Huenda akatokwa na udenda, akakohoa, akakataa kula, au akalalamika kifua.

Mkimbizeni hospitali mara moja, mwambieni daktari wazi kwamba mnashuku betri, ili apigwe picha ya eksirei. Msimtapishe. Msimpe chakula. Ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na saa 12 hazijapita tangu aimeze, wataalamu wa sumu wameshauri apewe asali njiani: vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali hupunguza kasi ya kuungua, lakini haichukui nafasi ya hospitali, na msichelewe hata dakika moja kwa kuitafuta. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Betri ikiingia puani au sikioni, nako ni kukimbilia hospitali.

Kwa hiyo betri kuukuu isiachwe juu ya meza wala kutupwa kikapuni chumbani. Izungusheni kwa gundi ya karatasi pande zote, muiweke juu, mbali na mikono midogo. Na rimoti isiwe kinyago cha kumnyamazishia mtoto anayelia. Nyumba yetu na nyumba ya jirani yetu zimeyaona matokeo ya kinyago hicho, nasi tulisalimika na lililo zito zaidi.

Haki ya jirani juu ya king'ora

Alamu inayolia kila paka anaporuka juu ya boneti haimlindi mwenye gari. Humwudhi mgonjwa na mzee, na baada ya wiki mbili hakuna mtu anayeinua kichwa, hata siku mwizi atakapofika kweli. Ndani ya gari kuna kidude kinachohisi mtikisiko, nacho aghalabu kina kiskrubu kidogo cha kukipunguza ukali. Mwambieni fundi akizungushe kidogo kidogo, na kila mara agonge kwa kiganja nguzo ya mlango. Kigongo chepesi kisiliamshe gari. Kigongo kizito kiliamshe. Anayeegesha chini ya mkungu au mwembe, matunda yakiwa yanadondoka, asishangae kuamshwa usiku.

Tena, kila mtu mzima wa nyumba ajue mahali ilipo swichi ya siri na jinsi ya kuitumia. Baba akisafiri, si haki mama abaki usiku na gari linalopiga kelele asijue la kufanya. Mimi sasa nimemwonyesha mke wangu na watoto wangu wakubwa, na kila mmoja amejaribu kwa mkono wake.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: mnapofunga gari, msiridhike na mlio. Wezi hutumia kifaa cha kuyavuruga mawimbi, nawe ukabonyeza na kuondoka ukidhani umefunga. Shikeni mkono wa mlango muuvute. Ni jambo la sekunde moja, hasa kwenye maegesho ya maduka na mahali penye watu wengi.

Kuuza, kununua na kurithi

Anayeuza gari ameuza na rimoti zake zote. Ile iliyobaki kwake imebaki kama amana, hata kama hajui iko wapi. Aitafute kabatini, kwenye mikoba ya zamani, kwa dereva aliyeacha kazi, kwa mtoto aliyehamia mji mwingine. Asipoiona, amwambie mnunuzi waziwazi na amshauri afute. Naye mnunuzi, siku ile ile ya kukabidhiwa, kabla hata ya kuliosha gari, alipeleke kwa fundi lisahau rimoti zote za zamani.

Katika mirathi jambo hili husahauliwa zaidi. Marehemu huacha gari, na rimoti zikawa zimetawanyika kwa watu. Mjane akiwa katika eda, mlango wa gari hufunguliwa na huyu na yule, na mali ya mayatima hupungua bila ya mtu kuvunja kitu. Wasimamizi wa mirathi wazikusanye funguo na rimoti mapema, wazihesabu mbele ya mashahidi, na wanaposhuku kwamba moja haikupatikana, wafute zote.

Jirani yetu alitaka kulipa thamani ya zile kofia. Mke wangu alikubali bei ya kitambaa na nyuzi, akasamehe ujira wa mikono yake. Nilimwambia kwamba ana haki ya zaidi. Akanijibu, "Maalim, mtoto wa miaka sita hakujua. Wewe ndiye uliyekuwa na la kujua."

Sikuwa na jibu. Nilimwita mwanangu, na kwa kuwa nilimkaripia mbele ya ndugu zake, nilimtaka radhi mbele ya ndugu zake. Nilimweleza habari ya kikapu cha vinyago tangu mwanzo mpaka mwisho, nikamrudishia ufunguo na rimoti ya pili. Alivipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimekusamehe, Baba." Kisha akatoka nje, akafunga gari, na nikamsikia akiuvuta mkono wa mlango kila upande, mmoja baada ya mwingine, milango yote minne.

Jioni hii, ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtu wa nyumbani mwako kwa mlango ulioukuta wazi, zihesabu rimoti. Kama gari lako lilikuja na mbili nawe unayo moja, kesho asubuhi njia yako iwe ya kwa fundi.

Wabillahi tawfiq.